Kurudia jaribio la Herschel: joto lililo nje ya rangi nyekundu

Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel alikuwa akilitazama Jua kwa darubini na kubadilisha vioo vya rangi. Baadhi vilipitisha mwanga hafifu lakini joto akalihisi; vingine vilikuwa kinyume chake. Akaamua kupima joto la kila rangi. Jaribio lake nimelifanya na wanafunzi mara nyingi, na bado hunisisimua.

1. Zitie themometa weusi. Tafuta themometa tatu za spiriti zinazofanana. Weusi hufyonza joto. Bila huo hutaona tofauti. Usiishike themometa juu ya kibatari. Mimi niliwahi kuipasua hivyo. Kinga bati juu ya moshi, kwangua masizi, changanya na tone la gundi, kisha paka kile kibofu cha chini.

2. Zilinganishe kivulini. Ziache dakika kumi, andika kila moja inasoma ngapi. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo roho ya kazi. Herschel aliiweka themometa moja kwenye rangi na mbili pembeni, ziwe mashahidi wa joto la chumba.

3. Tandaza upinde wa rangi. Saa tatu asubuhi, Jua likiwa bado limeinama, pachika mche wa kioo (kioo cha pembe tatu kinachotenganisha rangi za mwanga) kwenye ukingo wa boksi lenye karatasi nyeupe chini. Uzungushe taratibu mpaka rangi zitandae kwenye karatasi. Kuta za boksi zitazuia upepo.

4. Pima. Weka themometa moja kwenye zambarau, nyingine kwenye kijani, ya tatu kwenye nyekundu. Jua halisimami, kwa hiyo rangi zikihama, sogeza boksi. Herschel alipata ongezeko la nyuzi 2 za Fahrenheit kwenye zambarau, 3¼ kwenye kijani na 6⅞ kwenye nyekundu.

5. Toka nje ya nyekundu. Sogeza themometa kidogo tu kupita ukingo, mahali ambapo jicho halioni kitu. Itapanda. Herschel alikuta joto likizidi hata lile la nyekundu.

Usihitimishe kwamba Jua hutoa nishati nyingi zaidi pale gizani. Kioo hutawanya zambarau na kuibana miale ya upande wa nyekundu, ndiyo maana joto hurundikana. Tena kioo chenyewe humeza sehemu ya miale hiyo. Katika miaka ya 1830, mwanafizikia wa Italia Macedonio Melloni alitumia mche wa chumvi ya mawe, inayoipitisha vizuri zaidi, na badala ya themometa akatumia vipande vya bismuthi na antimoni vinavyozalisha umeme vikipata joto.