Uso umewaka baada ya elektrolisisi? Acha kibanio, acha mkorogo

Wadada mnaotoa ndevu za kidevuni kwa elektrolisisi, naandika hii kwa sababu wengi tunaacha katikati, tena siku ile ile ngozi imewaka na kioo kinatisha.

Kwanza jua kinachofanyika. Kisindano chembamba kinaingia kwenye tundu la unywele, umeme kidogo unapita unaunguza mzizi. Kwa hiyo kila tundu ni kama kidonda kidogo, lazima pavimbe, vipele kama umeng'atwa na mbu, panawasha na kuwa pa moto, na kwa sie weusi huoni wekundu sana unaona tu pamekolea. Masaa machache mpaka siku mbili inatulia. Vigaga vidogo vikitokea usivibandue hata kama vinakukera vipi, hapo ndo makovu yanapoanzia.

Siku hiyo funga barafu kwenye kitambaa safi, gusisha dakika chache, toa, rudia. Nawa kwa maji ya baridi, fandesheni usipake mpaka kesho yake. Halafu hili joto la Dar, mi nachukua miadi ya jioni, maana ukitoka saa saba mchana ukapanda daladala ya Mbagala umesimama, jasho linatiririka, mkono ulioshika bomba ndo huo huo unajikuna kidevu, bakteria hao. Ufukwe wa Koko na jimu subiri siku mbili. Jua nalo linaacha madoa meusi, so mtandio au kofia, na ngozi ikitulia sanskrini SPF 30 kwenda juu kila asubuhi.

Madoa yakitokea usikimbilie mkorogo jamani. Mikorogo mingi ina steroidi, zinafanya ngozi iwe nyembamba na zenyewe zinaweza kuotesha vinyweleo usoni!

Sasa mashaka. Mwezi wa tatu tangu nianze nilikaa kitandani nikalia, niliona ndevu zimerudi zote na hela imeenda. Kumbe nywele haziotei pamoja, nyingine zinakuwa zimelala chini, zile nilizoziona ni zilizokuwa hazijaguswa kabisa. Ndo maana kazi inaweza kufika mwaka au mwaka na nusu. Katikati hapo kata kwa mkasi au nyoa, uache zikue kidogo kabla ya miadi. Ukinyofoa kwa kibanio sindano inakosa unywele wa kufuata.

Ila mashaka mengine yana haki. Unywele uliouawa vizuri unateleza wenyewe, ukisikia unanyofolewa kila mara mwambie anayekufanyia, sindano haijakaa sawa au umeme hautoshi. Sindano ifunguliwe mbele yako, mpya. Asichome matundu yaliyobanana siku moja, aruke ruke. Ukipata malengelenge, vigaga vikubwa au vishimo, simamisha, na usaha au homa ni hospitali siku hiyo hiyo. Kama kwenu mna keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua, sema kabla hujalala kwenye kiti, aanze na sehemu ndogo chini ya kidevu msubiri wiki kadhaa muone.

Na kama hedhi yako inaruka ruka na ndevu zinaongezeka, muone daktari wa wanawake upime homoni, mambo ya PCOS hayo (tatizo la homoni na ovari), maana sindano inaua mzizi uliopo lakini homoni zinaamsha mingine mipya pembeni.