Jinsi ya Kuandika Kile Ambacho Maktaba ya Programu Huria Inakiweza na Isichokiweza

Mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza maktaba ya programu huria, yaani msimbo ulioandikwa tayari ili wasanidi wengine wautumie bure ndani ya programu zao, huwa na swali mahususi: je, maktaba hii itaifanya kazi niliyonayo, kwa toleo la lugha ya programu ninalolitumia, bila kunilazimu kuusoma msimbo wote? Mafaili mengi ya README, yaani mafaili ya utangulizi yanayoieleza maktaba, hayalijibu swali hilo. Husema kwamba maktaba ni nyepesi, ya kisasa na rahisi kutumia, maneno ambayo hakuna anayeweza kuyathibitisha wala kuyapinga.

Tuchukue mfano wa maktaba ya kuhakiki namba za simu za Tanzania, ya aina ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma au msanidi wa mifumo ya ofisi za serikali za Mtumba, Dodoma, angeweza kuiandika kwa muda mfupi. README ikisema tu kwamba maktaba "inahakiki namba za simu za Tanzania", sentensi hiyo inaonekana kamili, lakini imeficha maswali mengi. Namba za mkononi huanza na 06 au 07, ilhali simu za mezani za Dodoma huanza na 026. Namba ileile inaweza kuandikwa kwa tarakimu kumi zinazoanza na sifuri, au kwa +255 ikifuatwa na tarakimu tisa, yenye nafasi katikati au isiyo nazo. Namba ya dharura 112 nayo ni namba ya simu, ingawa haifanani na yoyote kati ya hizo. Msanidi aliyejaribu namba za mkononi peke yake atatoa maktaba inayozikataa namba za mezani za ofisi za makao makuu ya nchi, na nyaraka zake hazitakuwa zimemwonya mtu yeyote.

Kwa hiyo, anza na data ambayo mtumiaji ataileta, kisha ndipo uje kwenye majina ya vitendakazi (functions), yaani vipande vya msimbo ambavyo mtumiaji huviita kwa jina. Andika kila dai kama sentensi inayoweza kupimwa: "Inakubali namba za mkononi zinazoanza na 06 au 07, zikiwa na tarakimu kumi, au zikianza na +255 na kufuatwa na tarakimu tisa; nafasi kati ya tarakimu hupuuzwa." Sentensi hiyo haina mvuto, lakini msomaji anaweza kuamua baada ya kuisoma.

Baada ya hapo weka hali ya kila kipengele. Maneno "ndiyo" na "hapana" hayatoshi, kwa kuwa kipengele kinaweza kuwa kimekamilika, kikawa cha majaribio, au kikawa kiko njiani kuondolewa. Upande wa "hapana" ndio unaohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwani hapo kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa: kile ambacho bado hakijaandikwa na kile ambacho hakitaandikwa kamwe. Simu za mezani katika mfano wetu zinaweza kuwa za kundi la kwanza, na mchangiaji akiliona hilo atajua kwamba msaada wake unahitajika. Kuutambua mtandao wa simu kwa kutazama tarakimu za mwanzo ni suala tofauti. Tangu mwaka 2017 mteja nchini Tanzania anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, hivyo tarakimu hizo haziwezi tena kuthibitisha yuko mtandao gani. Sema kwamba kipengele hicho hakitawekwa, na utaje sababu. Bila sababu, ombi lilelile litaletwa tena na watu wasiojua kwamba lilishajadiliwa.

Miradi mikubwa haioni aibu kuyataja mapungufu yake. Nyaraka za PostgreSQL, programu ya hifadhidata, zina kiambatisho kinachoorodhesha vipengele vya kiwango cha SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) inavyovitekeleza na, kando yake, vile isivyovitekeleza. SQLite, hifadhidata nyingine, nayo ina ukurasa wa vipengele vya SQL isivyokuwa navyo. Humo ndimo RIGHT JOIN, njia mojawapo ya kuunganisha majedwali mawili, ilimokuwa ikitajwa, hadi ilipoongezwa katika toleo la 3.39.0 mwaka 2022. Binafsi, ukurasa wa namna hiyo hunifanya niiamini zaidi programu husika.

Kila kipengele kiandikiwe toleo lililokianzisha, kama zinavyofanya nyaraka za lugha ya programu ya Python, kwa kuwa wasomaji wako hawatumii wote toleo la jana. Kipengele kinachoondolewa kisifutwe kimyakimya kwenye orodha: taja toleo kilipoanza kuachwa, toleo kitakapotoweka na kitu cha kutumia badala yake. Mfumo wa kuhesabu matoleo unaoitwa Semantic Versioning unamtaka msanidi atangaze waziwazi sehemu za maktaba zilizokusudiwa kutumiwa na watu wa nje. Asipofanya hivyo, hakuna wa kuamua kama badiliko fulani limevunja ahadi. Kuhusu lugha yenyewe, "Python 3" haitoshi. Taja toleo la chini kabisa ambalo majaribio yako hulipitia.

Orodha isiyofungamana na majaribio huanza kuchakaa mara tu inapochapishwa. Kwa Python, moduli ya doctest huendesha mifano iliyomo ndani ya nyaraka na kuonyesha pale ambapo matokeo yanatofautiana na yaliyoandikwa. Kwa lugha isiyo na chombo cha aina hiyo, lipe kila dai jaribio lake na ulitaje jaribio hilo kwa jina karibu na dai. Dai lisilo na jaribio lihesabiwe kuwa la kipengele ambacho bado hakijathibitishwa, au liondolewe.

Nyaraka zisafiri ndani ya kifurushi cha maktaba, ili msomaji aliyeishiwa bando aweze kuzifungua kwenye kompyuta yake. Ukiziandika kwa Kiswahili na Kiingereza, weka jedwali la vipengele katika faili moja la data na uzitengeneze kurasa zote mbili kutoka humo. Majedwali mawili yanayohaririwa kwa mkono hutofautiana upesi. Majina ya vitendakazi yabaki kama yalivyo kwenye msimbo.

Mwisho, andika katika mwongozo wa wachangiaji kwamba ombi la kuingiza msimbo wa kipengele kipya (pull request) halitapokelewa mpaka liwe na mstari wake kwenye jedwali hilo, pamoja na jaribio lake, ndani ya ombi lilelile.