Ukiona kokoro ziwani: jinsi ya kutoa taarifa itakayofanyiwa kazi

Juma lililopita, saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu yangu iliita. Alikuwa mpwa wangu, anavua kwa mshipi kwenye miamba karibu na Katonga, Kigoma. "Shikamoo mjomba. Kuna watu wanavuta kokoro huku chini, nifanyeje?" Nilimwelekeza kwa simu mpaka mwisho. Maswali aliyoniuliza ndiyo yaliyonifanya niandike haya, maana anayevua kwa ndoano Ziwa Tanganyika hakai muda mrefu kabla hajakutana na kokoro, yaani wavu haramu wa kuburuzwa.

Hatua ya 1: Jiridhishe kwamba ni haramu

Vipe, yaani vyombo vya uvuvi, vyenye taa usiku katikati ya ziwa ni wavuvi wa dagaa na migebuka. Hao wako kazini, waache. Isipokuwa ziwa likiwa limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Hapo taa zile zina maana nyingine, kwa hiyo fuatilia tangazo la mwaka husika.

Kokoro utalitambua kwa kamba mbili ndefu zinazovutwa na makundi mawili ya watu waliosimama ufukweni, huku mfuko wa wavu ukiburuzwa chini kwenye mchanga. Ubaya wake uko hapo chini. Samaki aitwaye kuhe hutaga mayai chini na kuyalinda, na wako samaki wadogo wanaotaga ndani ya makombe ya konokono. Kokoro likipita mara moja linazoa vyote. Nimewahi kuona ndoo iliyotoka kwenye mfuko wa kokoro: kuhe wa urefu wa kidole, mamia, na hakuna hata mmoja wa kuuzika. Wavu ulioshonwa kwa vyandarua ni hivyohivyo. Na ukiona samaki wa kila aina na kila ukubwa wanaelea matumbo juu sehemu moja, shuku utupa au sumu nyingine. Usiwaokote, usiwale.

Hatua ya 2: Usiwasogelee

Usipige kelele, usiwamulike tochi, usishuke kuwaonya. Wana mapanga, na pengine wanakufahamu. Kunja mshipi wako taratibu kama mtu aliyekosa samaki.

Hatua ya 3: Andika mahali ulipo, na uandike sawasawa

Hapa ndipo taarifa nyingi zinapokufa, na mimi iliwahi kunigharimu karibu saa nne. Ilikuwa kaskazini mwa mji. Nilifungua ramani kwenye simu, nikasoma namba kwa mtu wa ofisi moja: "nne nukta nane…, ishirini na tisa nukta sita…" Sikutaja alama ya hasi iliyokuwa mbele ya nne. Yeye akaziingiza kama nilivyosema, ramani ikamwonyesha Sudan Kusini, akaniona ninamchezea na akakata simu. Nilipopiga tena, nikaambiwa nitaje kijiji. Nikataja jina la ufukwe tunalolitumia sisi wavuvi wa ndoano, ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya mialo, yaani sehemu rasmi za kupokelea samaki. Walipofika, mchanga ulikuwa na alama za kamba tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Fungua ramani ya simu kabla hujatoka nyumbani, maeneo yapakuliwe. GPS hufanya kazi bila bando, ila ramani yenyewe haitafunguka bila mtandao. Ukiwa pale, subiri dakika moja au mbili hadi kile kidoti cha buluu kitulie, hasa ukiwa chini ya mwamba mrefu. Bonyeza kidoti na ushikilie, zitatokea namba mbili. Kwa mwambao wa Kigoma, ya kwanza lazima iwe hasi na ianze na 4, 5 au 6. Ya pili ianze na 29 au 30. Ikiwa tofauti na hapo, umekosea. Unapozisoma kwa simu tamka "hasi" na umwombe anayekusikiliza azirudie.

Kumbuka pia kwamba namba hizo ni zako wewe, si za wao. Ongeza umbali wa kukadiria na upande: "wako kama mita mia tatu kaskazini mwangu, chini ya mwembe mkubwa, mnara wa simu uko nyuma yao." Kisha taja jina la mwalo uliosajiliwa ulio karibu zaidi, hata kama uko mbali kidogo. Na saa. Na idadi ya watu. Na namba ya usajili iliyopakwa ubavuni mwa mtumbwi, kama inasomeka.

Mimi haya yote nayaandika kwa penseli kwenye daftari dogo ndani ya mfuko wa nailoni. Simu inazima, inalowa, na mwanga wa kioo unakuonyesha gizani. Picha piga ukiweza kuipiga ukiwa umejificha, mweko ukiwa umezimwa. Usipoweza, achana nayo.

Hatua ya 4: Piga simu, usitume ujumbe kwenye kundi

Kundi la WhatsApp la wavuvi lina ndugu wa kila mtu, na wenye kokoro wataisoma habari kabla ya doria.

Anza na BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi) ya mwalo huo, mwenyekiti au katibu. Ukijua kwamba wavu ni wa jamaa wa kiongozi wa pale, ruka uende kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Hapo angalia mpaka: Kibirizi, Katonga na Ujiji ni Manispaa ya Kigoma Ujiji, Kagunga na Mwamgongo ni Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, Ilagala na Kalya ni Uvinza. Ukipiga halmashauri isiyo yako utazungushwa. Ndani ya Gombe au Mahale wapigie askari wa hifadhi; Mahale inaingia ziwani kilomita 1.6. Kukiwa na silaha au mtu ameumizwa, piga 112 kwanza.

Namba hizi zitafute leo, mchana, uziandike nyuma ya daftari.

Hatua ya 5: Baada ya simu

Andika jina la aliyepokea na saa. Omba jina lako lisitajwe. Ipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi, itaje kwa jina. Ukiitwa kuandika maelezo, yasome yote kabla ya kusaini, hasa zile namba mbili.

Mpwa wangu alizisoma pamoja na hasi. Boti ya doria ilifika kamba zikiwa bado majini.