SOMO: Brasília kwa miguu, namna ya kuuzunguka mji na kupata marafiki

Wadau habari zenu. Naandika hili somo kwa ajili ya wale mnaokwenda Brazil kusoma au kikazi na mkapangiwa Brasília, mji mkuu, maana kila mtu akisikia hivyo anaambiwa pole, ule mji wa magari, hauna watu. Jamani watu wapo, wengi tu, na ni wakarimu. Tatizo ni kwamba hawakai barabarani kama Kariakoo au Mombasa mjini, wanakaa ndani ya kwadra zao (vitalu vya maghorofa ya kuishi), kwa hiyo ukitembea pembeni ya barabara kubwa ukisubiri kukutana na mtu utazeeka. Rafiki wa Brasília anapatikana kwa kurudi sehemu ileile mara nyingi, basi.

Hatua ya 1: Jifunze anwani kwanza

Mji ulizinduliwa 21 Aprili 1960 chini ya rais Juscelino Kubitschek, ramani alichora Lucio Costa aliyeshinda shindano la 1957, majengo mengi makubwa ni kazi ya Oscar Niemeyer. Kwenye ramani una umbo la ndege: mwili ni Eixo Monumental, kule kuna bunge na wizara, afu mabawa mawili, Asa Sul (kusini) na Asa Norte (kaskazini), huko ndo watu wanaishi.

Mabawa yamekatwa kwadra zenye namba. Chukua SQS 308, au kwa kifupi 308 Sul. SQ ni superquadra, yaani hiyo kwadra. S ya mwisho ni Sul. Ile 08 ni umbali toka katikati ya mji, zinaanza 01 mpaka 16. Namba ya mwanzo ndo inakwambia upande: 1 na 3 ziko magharibi mwa Eixão (barabara kuu inayopita katikati ya bawa), 2 na 4 ziko mashariki. Yaani ukiwa 108 na mwenzio yuko 208, mmetenganishwa na Eixão tu. Ukishaelewa hapo hupotei tena, na wenyeji wanafurahi sana kuona mgeni anataja kwadra bila kusoma simu.

Hatua ya 2: Tembea 308 Sul taratibu

Hii usiikimbilie, ipe asubuhi nzima. Maghorofa ni ya sakafu sita, yamenyanyuliwa juu ya nguzo, chini wazi kabisa, na ile ardhi ni ya umma, so unapita chini ya nyumba za watu bila mtu kukuuliza unaenda wapi. Watoto wanaendesha baiskeli humohumo chini, wazee wamekaa kwenye benchi, mlinzi wa jengo yuko pale mezani kwake anajua nani katoka nani karudi. Msalimie huyo mlinzi! Bom dia asubuhi, boa tarde mchana, kila ukipita, ndani ya muda mfupi atakuwa anakuita jina na kukutambulisha kwa wengine.

Bustani za hapo ni za Roberto Burle Marx, na jirani kuna Igrejinha, kanisa dogo la Niemeyer lenye vigae vya bluu na nyeupe vya Athos Bulcão, njiwa na nyota, njiwa na nyota, ukuta mzima. Na miti jamani. Maembe, mafenesi, zambarau, vyote vimepandwa mjini na vinaliwa, zambarau zikidondoka njia yote inakuwa zambarau kweli na unakanyaga ukiteleza. Mvua zikianza mwezi wa 10 maembe yanafuata, utaona mtu mzima na shati la ofisini ameshika fimbo ndefu anaangua, simama umsaidie kuokota, hiyo tayari ni mazungumzo.

Hatua ya 3: Uwe na sehemu yako

Kati ya kwadra na kwadra kuna mtaa mfupi wa maduka. Chagua duka moja la mikate, kunywa kahawa pale na pão de queijo (vimkate vya jibini) saa ileile kila asubuhi. Usihamehame. Jioni fanya hivyohivyo na baa au mgahawa wa mtaa, hata kama unakunywa juisi.

Mpenzi wa filamu aende Cine Brasília, 106/107 Sul, watu wanabaki nje wanabishana baada ya filamu kuisha.

Hatua ya 4: Jumapili ni Eixão

Jumapili na sikukuu Eixão inafungwa kwa magari toka saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, na mji wote unashuka humo: baiskeli, mbwa, wakimbiaji, wauza maji ya dafu, vikundi vya muziki wa choro na samba chini ya miti. Hii kwangu ndo siku bora kuliko zote, mtu asiyekusalimia kwenye lifti siku ya Jumanne hapa anakupa kiti.

Hatua ya 5: Toka nje ya ndege

Wengi wanaishia kwenye mabawa na wanaondoka hawajaiona nusu ya maisha ya pale. Waliojenga mji, wanaitwa candangos, wengi walitoka kaskazini mashariki mwa Brazil na majimbo ya Minas Gerais na Goiás, afu mji ulipokamilika hawakuwekewa nafasi ndani yake. 1971 serikali ikahamisha watu wa vibanda ikawapeleka mbali, ndo ikazaliwa Ceilândia. Panda metro kituo cha Central, shuka Ceilândia Centro, nenda sokoni ukale chakula cha kaskazini mashariki, wali wa maharage na nyama iliyokaushwa. Watakuuliza umetoka wapi, na ukisema Afrika Mashariki hawakuachi.

Kule kuna Casa do Cantador pia, kaichora Niemeyer huyohuyo, kwa ajili ya washairi wa kujibizana: wawili wamekaa na magitaa yao, huyu anatunga beti papo hapo na mwenzake anamjibu. Mtu aliyekulia kwenye malumbano ya mashairi atajisikia nyumbani hata kama haelewi neno.

Hatua ya 6: Kanisa kuu lenye nguzo 16, na mnara wa TV (roshani mita 75 juu, soko la vitu vya mikono chini). Nenda na wale uliowapata hatua ya 3.

MASWALI YA WADAU

*Mdau, Nairobi:* Bila gari inawezekana kweli?

Inawezekana. Mabasi yanapita barabara za W3 na L2 bawa zima, metro kwa upande wa mabawa inahudumia Asa Sul tu, Asa Norte hakuna. Tangu 2025 basi na metro ni bure Jumapili na sikukuu. Kwenye zebra ya mtaani inua mkono, magari yanasimama, ni desturi ya pale toka 1997. Ila Eixão siku za kazi usithubutu kukatiza juu, kuna njia za chini ya ardhi.

*Dada, Tanga:* Hizo njia za chini usiku vipi?

Usiku usipite, hata wanaume wengi hawapiti. Ita gari kwa simu dada yangu, au panga na mwenzio.

*Mdau, Tanga:* Sijui Kireno, nitaanzaje?

Anza na kitu cha kufanya na mwili, capoeira, mpira, kwaya ya kanisa. Na mkiambiana tuonane siku moja, hiyo bado si miadi, taja siku na saa palepale.

*Mdau, Dodoma:* Huku kwetu kukavu, huko je?

Mei mpaka Septemba mvua karibu hakuna, unyevu wa hewa unashuka chini ya asilimia 20. Beba maji na mafuta ya midomo. Lakini ndo miezi ambayo miti ya ipê inachanua, ya njano ikifika Agosti na Septemba.

*Mdau, Nairobi:* Mwanafunzi akae wapi?

UnB (Chuo Kikuu cha Brasília) iko Asa Norte, tafuta kwadra za 400 Norte, ghorofa tatu bila lifti, kodi huwa nafuu kidogo na utazungukwa na majirani wanafunzi. Uliza walinzi wa majengo kuhusu vyumba, wanajua kabla tangazo halijabandikwa.