Somo: Redio ya intaneti inapokatika au kunyamaza kwenye kompyuta ya nyumbani

Redio ya intaneti ikinyamaza, wengi wetu hukimbilia kuzima kompyuta na kuiwasha upya, kisha tunafuta programu na kuiweka tena, na mara nyingi bando huisha kabla kosa lenyewe halijajulikana. Katika somo hili nitaomba tufanye kinyume: tusiguse kitu chochote mpaka tumeusikiliza ule ukimya na kujua ni wa aina gani, kwa sababu kila kosa lina namna yake ya kunyamaza.

Hatua ya kwanza: tambua ukimya

Fungua kituo na utazame namba za sekunde kwenye kicheza sauti. Zikiwa zinakwenda lakini husikii kitu, data inafika na kosa liko ndani ya kompyuta au kwenye spika. Zikiwa zimesimama, au kile kiduara kinazunguka bila kikomo, data haifiki kabisa. Sauti ikija sekunde kadhaa, ikakatika, kisha ikarudi, data inafika lakini haitoshi. Baada ya hapo jaribu kituo cha pili, kisha fungua kile kituo cha kwanza kwenye simu iliyounganishwa na Wi-Fi hiyohiyo. Ikiwa kituo kimoja tu ndicho kinachokataa, na kinakataa kwenye vifaa vyote viwili, tatizo liko kwenye seva yao, yaani kompyuta inayorusha matangazo yao, au njiani, nawe mara nyingi huna la kurekebisha zaidi ya kusubiri.

Tukumbuke pia kwamba vituo vingi vya kwetu hukodi seva nje ya nchi, kwa hiyo msikilizaji wa Kariakoo anaweza kuwa anapokea sauti iliyokwenda Ulaya na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, hakuna aliyeweza kuitengeneza redio yake kwa kuizima na kuiwasha kompyuta.

Hatua ya pili: sekunde zinakwenda, sauti hakuna

Hili ni jepesi. Bofya kwa upande wa kulia wa kipanya ile alama ya spika iliyo chini ya skrini, kisha fungua orodha ya viwango vya sauti, ambako utaona kwamba kila programu ina kiwango chake, na kivinjari kinaweza kuwa kimezimwa peke yake ilhali programu nyingine zinasikika. Hapohapo angalia sauti imeelekezwa wapi. Mara nyingi inakwenda kwenye televisheni iliyounganishwa kwa waya wa HDMI, au kwenye spika ya Bluetooth ambayo mtu aliiacha ikiwaka chumba cha pili.

Hatua ya tatu: sauti inakatakata

Hapa ndipo penye kazi. Programu ya kucheza redio haichezi data papo hapo inapofika, bali huikusanya kwanza mahali panapoitwa bafa, kisha hucheza kutoka humo, mfano wa nyumba yenye simtanki: bomba la mtaani linaweza kukatika kwa dakika chache na wenye nyumba wasijue, mradi tangi lina maji. Sauti hukatika pale tangi linapokauka, ama kwa sababu ni dogo mno, ama kwa sababu bomba linaleta kidogo kuliko kinachotumika.

Kinachotumika si kikubwa. Kituo kinachorusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 58 kwa saa, na cha kilobiti 64 hutumia nusu yake. Kwa hiyo intaneti inayoonyesha video bila taabu haiwezi kushindwa na redio kwa sababu ya kasi. Ikishindwa, ujue inakatika mara kwa mara kwa muda mfupi, na kipimo cha kasi hakitakuonyesha hilo, kwa kuwa chenyewe hutoa wastani tu.

Ili kuona mikatiko hiyo kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika cmd, kisha ndani ya dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta anwani ya ruta yako, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, kwenye mstari wa Default Gateway; mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kisha andika ping 192.168.1.1 -t, ukiweka anwani uliyoiona wewe; amri hiyo huuliza anwani hiyo tena na tena kama ipo, na kuonyesha kila jibu. Fungua dirisha la pili na uandike ping 8.8.8.8 -t, ambayo ni anwani ya seva ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Yaache yote mawili yakiendelea huku redio ikicheza. Sauti inapokatika, tazama ni dirisha lipi limekosa majibu. Yakikosa yote mawili, kosa liko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta. Likikosa la pili peke yake, kosa liko nje, na hayo ndiyo maelezo ya kumpelekea mtoa huduma wako, kwa kuwa malalamiko yenye saa na ushahidi husikilizwa haraka kuliko kusema tu kwamba mtandao ni mbovu.

Kosa likiwa ndani, jaribu kwanza kebo ya mtandao badala ya Wi-Fi. Isipowezekana, sogeza ruta mbali na kuta nene na oveni ya maikrowevu, ambayo huvuruga masafa ya gigahezi 2.4. Ruta yenye gigahezi 5 huepuka vurugu hiyo, ila mawimbi yake hupita ukutani kwa shida zaidi. Angalia vilevile kama Windows inapakua masasisho kimyakimya.

Kisha ongeza ukubwa wa tangi. Katika programu ya VLC, bonyeza Ctrl na N, bandika anwani ya mkondo wa redio, fungua chaguo za ziada, na pale palipoandikwa milisekunde 1000 weka 5000. Binafsi naona VLC inafaa kuliko kivinjari kwa mtu anayesikiliza kutwa nzima, kwa sababu haibebi picha wala matangazo ya ukurasa.

Hatua ya nne: ukurasa haukubali kucheza kabisa

Tangu 2018 Chrome huzuia sauti inayojianzisha yenyewe, kwa hiyo bofya kitufe cha kuchezea kabla ya kulaumu kituo. Ukurasa unaodai Flash, ile programu ya kuchezea sauti na video ndani ya kivinjari, ni wa zamani na hautafufuka, kwa kuwa Adobe waliacha kuitegemeza mwishoni mwa 2020. Sababu nyingine ni ukurasa wenye anwani inayoanza na https, yaani njia salama, kujaribu kuchukua sauti kutoka anwani ya http, isiyo salama, jambo ambalo vivinjari vya sasa hulizuia. Tiba yake ni kuichukua anwani hiyo na kuifungua kwenye VLC. Kituo kikikupa faili lenye mwisho wa .pls au .m3u badala ya anwani yenyewe, faili hilo linaweza kufunguliwa kwa Notepad, na anwani utaiona humo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Muscat: Asalaam alaykum mwalimu. Redio ya nyumbani Unguja inafunguka kwenye simu kwa data ya laini, lakini kompyuta yangu kwenye Wi-Fi ya nyumbani inakataa. Vituo vingine vinacheza.

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Tazama kama anwani ya mkondo ina :8000 ndani yake. Hiyo ni namba ya mlango unaotumiwa na seva nyingi za redio, na baadhi ya mitandao huufunga. Unganisha kompyuta na intaneti ya simu yako. Ikicheza, kompyuta haina kosa, na itakubidi utafute kwenye ukurasa wa kituo anwani inayoanza na https isiyo na namba hiyo.

Mwanachama, Tanga: Kwangu haikatiki, ila sauti ni nzito, kama mtangazaji amejifunika blanketi.

Jibu: Huenda kituo kinatumia AAC+, namna ya kubana sauti ambayo hutuma sauti za chini pamoja na maelekezo ya kuziunda upya zile za juu. Programu ya zamani isiyoyaelewa maelekezo hayo hucheza za chini peke yake. Weka toleo jipya la programu yako.

Mwanachama, Nakuru: Shikamoo mwalimu. Majirani hushangilia bao kabla mtangazaji wangu hajafika hata golini.

Jibu: Marahaba. Hilo si kosa, ni tangi lilelile. Kuchelewa kwa nusu dakika ni kawaida, na kila unaposimamisha kwa muda unaweza kuongeza ucheleweshaji. Zima kabisa na uanze upya, utasogea karibu kidogo. Kwa mpira, kama FM inashika, tumia FM.

Mwanachama, Mbeya: Kila umeme ukikatika, asubuhi redio na kurasa zote zinasema muunganisho si salama, na tarehe imerudi miaka mingi nyuma.

Jibu: Betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Kwa kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ya duara, bapa kama sarafu. Tarehe ikiwa imekosea, kivinjari huona vyeti vya usalama vya tovuti havijaanza kutumika, na hukataa kufungua. Chomoa waya wa umeme kabla ya kuibadilisha, na hadi utakapoipata, weka tarehe kwa mkono kabla ya kufungua kivinjari, kwa maana saa iliyopotea kwa miaka huenda ikakataa kujirekebisha yenyewe kupitia mtandao.