Kuupima Mji Mkongwe kwa penseli na futi kamba: siku moja ya mwanafunzi wa usanifu

Mwanafunzi akifika Mji Mkongwe wa Unguja mara ya kwanza hutoa simu, akapiga picha milango thelathini, akarudi na rundo la nakshi asiloweza kuchora hata moja. Dawa ni kupunguza. Chukua mlango mmoja, kichochoro kimoja na bustani moja, basi. Kisha upime kabla ya kugusa mapambo: nakshi hukaa mahali pake yenyewe ukishajua mbao zimeungwaje.

Beba daftari la A4 lisilo na mistari, penseli za 2B na HB, futi kamba ya mita 5, chaki, tochi ndogo, na fimbo ya mita 2 uliyoipaka rangi mbili kila baada ya sentimita 20. Kabla ya kuondoka pima pia hatua yako: weka alama mbili za chaki umbali wa mita 20, tembea mara tatu kwa mwendo wa kawaida, chukua wastani. Ukipata hatua 28, kila hatua ni kama sentimita 71. Usitembee kama askari wa gwaride. Hutaweza kuurudia mwendo huo ukiwa kazini.

Mlango

Piga hodi, salimia, eleza unachofanya, ndipo ufungue futi. Ule ni mlango wa nyumba ya watu, na baraza lililo mbele yake lina wenyewe. Ijumaa adhuhuri achana na vichochoro vilivyo karibu na misikiti.

Ujue kwanza sehemu zake. Miimo ni mbao mbili zilizosimama pembeni. Juu na chini kuna vizingiti. Katikati kuna mfaa, mbao nyembamba iliyochongwa inayoziba mwanya wa pande mbili za mlango. Mfaa umepigiliwa upande mmoja tu, na ndiyo maana, mlango ukifunguka kwa ndani, upande usio na mfaa hutangulia kufunguka na huwa wa mwisho kufungwa. Ukiuchora mfaa kama nguzo iliyosimama katikati umechora mlango usiofunguka. Kosa hili tunaliona kila muhula. Angalia pia kona za juu na za chini: milango ya zamani mingi haina bawaba, huzunguka kwa ncha zilizoingia kwenye matundu ya vizingiti.

Vipimo vyote vya wima vianze sehemu moja, uso wa kizingiti cha chini. Ukipima kipande kwa kipande, kosa la milimita 5 mara kumi laweza kukufikisha sentimita 5, na mchoro hautafunga. Pima upana wa uwazi chini, katikati na juu. Kisha pima kona kwa kona, mara mbili. Namba zikitofautiana, kona za uwazi si za nyuzi 90, nao uchorwe vilevile ulivyopinda. Skeli ya 1:10 inatosha: mlango wa mita 2.5 unakuwa sentimita 25. Nakshi chora umbo moja tu linalojirudia, kwa ukubwa wake halisi, halafu hesabu linajirudia mara ngapi.

Uchongaji usioonekana vizuri umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Kivuli kitakuonyesha kina. Usibandike karatasi juu ya nakshi na kuisugua kwa penseli au kalamu ya nta. Mbao ile ina mafuta na vumbi la miaka, na ncha nyembamba za maua huvunjika.

Kwa umbo la jumla tazama kizingiti cha juu. Kilichonyooka na kuchongwa ni cha mtindo wa zamani zaidi. Tao la nusu duara lilienea mwishoni mwa karne ya 19. Milango yenye paneli nyingi ndogo zinazokunjika ina asili ya Gujarati. Maana za alama (samaki, mnyororo, yungiyungi) utasimuliwa na kila mpita njia. Ziandike kama masimulizi, usizifanye maelezo ya mchoro.

Kichochoro

Hapa chora mkato, yaani kichochoro kama kinavyoonekana kikikatwa wima toka ukuta hadi ukuta, skeli 1:50. Pima upana wa njia chini, kina na kimo cha baraza kila upande, kisha kimo cha ukuta. Ukuta huufikii kwa futi, kwa hiyo simamisha fimbo ukutani, piga picha ukiwa mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, uhesabu fimbo ngapi zinaingia hadi juu. Usitumie lenzi pana ya simu. Hukunja mistari ya pembeni.

Mkato ukishakamilika, uulize kuhusu jua. Kichochoro cha upana wa mita 2.5 chenye kuta za mita 10, kikielekea kaskazini-kusini, hupata jua sakafuni kama saa mbili tu, kabla na baada ya adhuhuri. Ubaridi unaousikia ukiingia humo umetokana na uwiano huo. Na baraza lina kazi zaidi ya kukalia: mvua kubwa ikifurisha njia, watu hupita juu yake.

Ukipata duka lenye dari wazi, hesabu boriti. Ni miti ya mikoko, nayo haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu. Linganisha na Beit el-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya mwaka 1883, yenye varanda pana zilizobebwa na nguzo za chuma. Sehemu ya jengo hilo ilianguka Desemba 2020, kwa hiyo lichore ukiwa mbali nalo.

Weka alama pia mahali plasta inapobanduka. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinazovuta unyevu na kuutoa. Zikipakwa saruji unyevu hukwama nyuma yake, chumvi hujikusanya, plasta huvimba na kuanguka vipande. Pima mstari wa unyevu unafika kimo gani kutoka chini. Ni kipimo chenye faida kuliko picha kumi.

Bustani

Forodhani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Chora ramani yake kwa hatua zako, skeli 1:500, ukianzia ukuta wa bahari. Kwa kila mti pima mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, na umbali wa matawi kwa pande nne. Taji la mti si duara la bikari.

Halafu hesabu watu kwa dakika kumi, saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi na saa moja usiku wachuuzi wa vyakula wakiwa wameshawasha taa. Weka nukta kwa aliyekaa, mshale kwa anayetazama bahari, msalaba kwa aliyesimama. Usichore sura. Pima kimo cha kila kitu kilichokaliwa, hata kama hakikujengwa kiwe kiti: mara nyingi ukuta wa sentimita 45 wenye kivuli huushinda uzuri wa benchi lililo juani.

Vivuli ndivyo vinavyowaponza wengi, kwa sababu vitabu vingi vya michoro vimetoka Ulaya, ambako kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini daima. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini na kivuli huangukia kusini. Miezi iliyobaki ni kinyume. Andika tarehe kwenye kila ramani ya vivuli.

Picha za majengo yanayotazama bahari ziache hadi baada ya saa tisa alasiri; asubuhi nyuso hizo ziko kivulini.

Usiku huohuo chora upya kwa usafi, kabla hujasahau namba ipi ni ya nini. Kipimo kilichokosekana kiachie nafasi tupu yenye alama ya kuuliza, urudi ukakipime kesho asubuhi.