Tarumbeta la bendi mnalopokezana: usafishe hivi

Kwenye bendi za matarumbeta, za kanisani na hata za harusi, chombo kimoja kinapulizwa na watu watatu wanne, na wengi wakipokezana wanafuta tu na shati kisha twende kazi, hiyo si kusafisha jamani. Dawa ya kweli ni kila mtu awe na kidomo chake cha kupulizia, ni bei ndogo kuliko tarumbeta zima. Kama hamna, kitoe, kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua tundu la ndani kwa brashi ndogo (pale ndo uchafu unajificha, ule utelezi wa kijani nadhani mshauona), suuza, acha kikauke chenyewe. Jiki usiguse, inakula chuma, na stilwaya inakwangua ile rangi ya fedha.

Ukimaliza kupiga bonyeza kile kivalvu cha chini upulize maji yote yatoke, ila sio kwenye viatu vya mwenzio, maana unyevu ukilala humo bakteria na fangasi wanastawi.

Saksafoni? Ridi, kile kijiti chembamba kinachokaa kwenye kidomo na kutetemeka ukipuliza, haiazimwi, hata kwa ndugu yako.